Ufizi wa Paka wa Mama

Mama alipokuja kukaa kwangu Lindi alikuja na mfuko wa nguo, msala wake, na tenga la kuku lililokuwa na paka ndani. Kuku wenyewe aliwaacha. Nyumba aliiacha, mikorosho aliiacha, kaburi la baba aliliacha, lakini paka, alisema, haachwi Likawage, na kama gari halimtaki basi watarudi wote wawili kwa miguu. Macho ya mama yalikuwa yameshazimika kabisa wakati huo. Kaka yangu aliyekwenda kumchukua aliniambia kwamba njia nzima, kutoka kule bara mpaka kwenye lami, paka alilia, na mama alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu la tenga akimsemesha Kingindo. Kaka alishuka amenuna. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Leo sicheki. Hapa mtaani wapo wanaosema paka wa mama alikufa kwa uzee, na mimi niliwaacha waseme hivyo kwa sababu lilikuwa neno rahisi. Hakufa kwa uzee. Alikufa kwa sababu nilikitazama kinywa chake kwa macho yangu mawili mazima na sikuona nilichokuwa nakitazama.

Alikuwa dume la rangi ya kutu, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa zamani. Mimi Kingindo nakisikia ila ulimi wangu mzito, na wanangu waliohamia Dar hawajui hata salamu. Kwa hiyo nyumbani kwangu mama alikuwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye lugha yake, na mtu huyo alikuwa paka. Asubuhi, akishaswali, alikaa barazani, paka akapanda mapajani, habari zikaanza: nani alimwibia nani mbegu walipokuwa wasichana, shamba la nani liliingiliwa na nguruwe, nani amekufa na nani bado. Lakini kabla ya habari alimfungua mdomo. Mama alikuwa mfugaji wa mbuzi, na watu wa mbuzi hawamwamini mnyama mpaka wameinua mdomo wake wakauona ufizi. Kwa kuwa hakuona tena, alitumia kidole. Aliupapasa ufizi juu na chini, akapima joto lake na unyevu wake, kisha akamwachia. Mimi nilipita na ndoo yangu ya maji nikamwona akifanya hivyo kila siku, na haikunijia hata mara moja kwamba ile ni elimu.

Jambo jingine lazima niliseme mapema. Mama haoni, kwa hiyo kila kinachofika mkononi mwake kinapitia mkononi mwangu. Uji, dawa ya presha, maji ya kutawadha. Nikimshikisha kikombe, anakunywa. Hakuwahi kuuliza mna nini ndani. Wake wa kaka zangu walikuwa wakimpa chakula naye anakinusa kwanza, anakigeuza, anauliza maswali. Kwangu mimi hakuuliza. Nilijivunia jambo hilo, na nilikuwa nalisema mbele za watu.

Kazi yangu ni korosho. Uani kuna bati la pipa nililolitoboa matundu. Nalipandisha juu ya mafiga, namwaga korosho na maganda yake, na moto ukikolea maganda yanatoa mafuta meusi yanayowaka yenyewe. Moshi wake ukikuingia machoni unamkumbuka aliyekuzaa. Zikishaungua vya kutosha nazifukia kwenye majivu, najipaka majivu mikononi, ndipo naanza kubangua moja moja. Majivu ni kwa ajili ya yale mafuta. Yakikugusa mdomo, ngozi inakuwa nyekundu, inavimba na kuwaka siku mbili tatu, halafu inapauka, inakuwa nyeupe, inabambuka, na chini yake unakuta ngozi mpya. Hakuna mtoto wa huku ambaye hajapita hapo, kwa sababu hakuna mtoto wa huku ambaye hajaing'ata korosho mbichi kwa tamaa. Na kila mama ana dawa ile ile, mafuta ya nazi na subira. Wekundu ni kuungua, weupe ni kupona. Sheria hiyo tunaijua kabla hatujajua kuhesabu.

Mwaka wake wa kwanza kwangu paka aliungua kweli. Alipenda kulala kwenye majivu yangu yakiwa bado na uvuguvugu, na siku moja akajilamba manyoya yaliyokuwa na mafuta. Midomo ilivimba, ufizi wa mbele ukawa mwekundu, mate yakamtoka. Nikampaka mafuta ya nazi. Siku ya tano ukapauka, siku ya saba ngozi ikabambuka, akarudi kwenye dagaa zake. Mama alinishika mkono akaniombea dua ndefu. Nilijiona daktari.

Sasa nimlete bwana mifugo. Bwana mifugo wa kata yetu ni Mngoni wa Songea, na mimi ni Mngindo, maana yake hatukuwahi kuambiana neno la maana tangu tulipofahamiana. Ama babu zake waliwapiga babu zangu, ama babu zangu waliwakimbiza babu zake, inategemea anasimulia nani. Sisi wajukuu tumerithi ruhusa ya kutukanana mpaka kufa, na hata baada ya kufa, kwani mtani ndiye anayekuja msibani kuvaa kanzu ya marehemu na kudai sahani ya kwanza. Kila Jumatano alipita kwangu kununua korosho, na kila Jumatano alianza vilevile.

"Mtumwa wangu, umeamkaje?"

"Salama, mkimbizi. Viatu ulivyoviacha ukikimbia umeshavipata?"

Mama alimwita mchumba. Naye alikuwa akimwambia mama kwamba ng'ombe wa mahari wako njiani, wamekwama tu kwa sababu Wangindo waliopewa kuwachunga wamewaogopa. Sisi wa huku twajulikana kwa kula panya wa porini, na hilo hakulisahau hata siku moja. Alisema mimi na paka tunagombania kitoweo kimoja, na ndiyo maana paka amekonda. Nilikuwa mjane wa mwaka wa sita. Jumatano ndiyo siku niliyocheka.

Ndiye aliyenitoa hofu kuhusu madoa. Paka yule alikuwa na vidoadoa vyeusi kwenye ufizi na pembeni mwa midomo, na nilipoviona mara ya kwanza nilidhani anaoza. Bwana mifugo alimfunua mdomo akasema, "Haya ni madoa ya kuzaliwa, paka wekundu wanayo. Wewe mwenyewe unayo shavuni na hakuna aliyekupeleka kwa daktari." Hilo nililiamini. Lilisemwa kwa utani na nililiamini, kwa sababu lilikuwa neno nililolitaka.

Mwaka jana, masika yakielekea kwisha, mama aliniita barazani.

"Mwanangu, huyu kinywa kinanuka."

Nikamfunua. Pale meno yanapotoka kwenye ufizi kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umezunguka meno ya nyuma pande zote mbili. Mbele hakukuwa na kitu. Midomo haikuvimba. Nilikuwa na bati jikoni, moto unawaka, wateja wananisubiri.

"Ameungua tena, mama. Si unamjua na majivu yake."

"Korosho hainuki," mama akasema.

Maneno mawili tu. Nikampaka mafuta ya nazi nikarudi jikoni. Siku saba zikapita, wekundu uko palepale. Nikasema amejiunguza upya. Zikapita saba nyingine, nikasema amejiunguza upya. Nilimfukuza majivuni kwa ufagio, nikayafunika kwa gunia, na bado nikawa nasema amejiunguza upya, sijui kwa majivu ya nani. Akawa anakula kwa upande mmoja, kichwa amekipinda, dagaa zikimdondoka. Akawa anasogelea sahani kwa pupa, analamba, anashtuka, anarudi nyuma kama aliyepigwa. Mama akaanza kumtafunia samaki kwa meno yake machache aliyobakiwa nayo na kumwekea kwenye kiganja. Nilimwambia aache, ni uchafu. Wallahi, hilo ndilo lililonikera mwezi ule, uchafu.

Paka mwenye kidonda mdomoni hakamati panya. Hilo lingeweza kunifunza, lakini nililiona kwa upande wa hasara yangu tu. Korosho zenye ganda panya hawazigusi, wana akili kuliko watoto; wao wanataka zile zilizokwisha banguliwa. Wakanitobolea ndoo mbili za plastiki na gunia la ufuta. Nikamlaani paka. Nilimwambia mbele ya mama kwamba anakula bure na kulala bure, na mama akamziba masikio kwa viganja vyake, akitabasamu, akidhani natania.

Nikaenda dukani nikanunua sumu. Muuzaji aliisifu sana. Alisema haimuui panya papo hapo, inampa siku mbili tatu, damu yake inakuwa maji, anatoka nje kutafuta pa kupumzikia na kwako hakunuki mzoga. Zilikuwa punje za buluu, nzuri za kutazama. Niliziweka juu kabisa, nyuma ya mbao za dari ya stoo, paka asipoweza kufika. Nilijiona mwerevu na mwangalifu. Mama sikumwambia. Nilijua angekataa, na nilikuwa nimechoka kukataliwa ndani ya nyumba yangu.

Jumapili nilimkuta paka uani na panya mdomoni. Mkubwa, mnene. Hata kukimbizana hakukuwapo. Panya alikuwa akitembea kilevi mchana kweupe kando ya ukuta, na paka akamwinamia tu akamchukua. Nilifurahi. Panya mlegevu wa mchana, kwenye nyumba niliyotia sumu kwa mkono wangu, na mimi nikafurahi. Nikamwita mama, nikamwambia, "Mzee wako amerudi kazini." Mama akapiga kofi moja, akamwambia paka kitu cha Kingindo kirefu, na nilichokisikia ni kwamba alikuwa akimsifu kwa kutokumwaibisha ugenini. Paka akamla panya mzima, taratibu, kwa upande mmoja wa mdomo.

Jumanne alilala kutwa. Nikamfunua mdomo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nione kuungua kumefika wapi. Ule mstari mwekundu ulikuwa umekwenda. Ufizi wote ulikuwa mweupe, juu na chini, mweupe unaokaribia rangi ya jino lenyewe, na yale madoa meusi yakionekana kuliko siku zote. Niliushusha mdomo wake nikasema alhamdulillahi. Wekundu ni kuungua, weupe ni kupona. Nikamwambia mama, "Kinabambuka sasa, kesho kutwa mzima."

Mama akaingiza kidole. Alikaa nacho humo muda mrefu.

"Kimepoa," akasema. "Kinywa kimepoa, mwanangu. Na kinanata."

"Homa imeshuka, mama."

Alimfunika paka kwa upande wa kanga yake.

Kesho yake ikawa Jumatano. Bwana mifugo akaja, akanisalimia mtumwa wake, nikamsalimia mkimbizi, akachuchumaa kumchokoza paka pale miguuni kwa mama. Alimfunua mdomo. Akaubonyeza ufizi kwa kidole gumba, akakitoa, akatazama, akabonyeza tena. Nayaona mpaka leo yale mabega yake yalivyotulia. Halafu akainua uso, na uso ule ulikuwa ni ule ule wa Jumatano zote.

"Mtumwa wangu, huyu mmemkausha damu. Ufizi mweupe kama sanda. Umetega sumu ya panya nini, umharibie mwenzio kitoweo?"

Mama alicheka. Mimi nilikuwa napepeta.

"Sumu ya panya tunawawekea Wangoni," nikasema. "Naona wewe hujaionja bado."

"Niletee ofisini kesho asubuhi nimchome sindano. Usipomleta, Ijumaa nakula hitima yake hapa hapa, na mnofu wa kwanza wangu."

"Nitamleta amevaa suti. Wewe andaa kiti."

"Kiti kipo," akasema. Akachukua korosho zake akaenda zake.

Nimeyageuza maneno yale mara nyingi kuliko nilivyogeuza korosho. Aliniuliza. Aliniuliza kitu chenyewe, kwa jina lake, sumu ya panya, mbele ya mama, na nikamjibu kwa mzaha, na moyoni sikushtuka hata kidogo. Kwa miaka minne mtu yule alikuwa amewatabiria kifo kuku wangu, mbuzi wa jirani, mkwe wangu na mimi mwenyewe. Alishanikadiria urefu wa kaburi kwa hatua zake, hapo hapo uani. Sikio langu lilikwisha zoea kwamba kutoka kinywa kile kifo ni salamu. Na mimi kinywa changu nacho kilikuwa vilevile kwake. Sikio la kufa halisikii dawa, husema wahenga, ila sikio la kufa lilikuwa langu na aliyekufa alikuwa mwingine.

Alhamisi nilichoma korosho.

Ijumaa asubuhi mama aliniita kwa sauti ya kawaida. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, paka mapajani, kidole amekinyoosha mbele yake.

"Nitazamie. Kidole changu kimelowa nini?"

Kilikuwa kimelowa damu. Ilikuwa nyembamba, ya rangi hafifu, imeteremka mpaka kwenye kiganja. Ilikuwa ikitoka kwenye ufizi, pale pale ulipokuwa ule mstari mwekundu, na tundu moja la pua nalo lilikuwa na tone. Paka alikuwa akipumua haraka haraka, mdomo wazi, jambo ambalo paka hafanyi. Nilizitazama ndoo zangu, nikaitazama stoo, nikatazama juu ya stoo. Nadhani ndipo nilipojua yote, kwa pigo moja.

"Mate, mama," nikasema.

Nikamfuta kidole kwa kanga yangu. Nikampigia bodaboda simu, nikaleta lile tenga lililomleta kutoka Likawage. Nilipoinama kumchukua, mama hakumwachia. "Ngoja," akasema, na akaendelea kumsemesha, maneno ya chini chini ambayo sikuyapata. Pikipiki ilikuwa bado haijafika aliponyamaza. Mama alikiweka kiganja kwenye mbavu za paka, akakiacha hapo. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili nisikie vizuri, "Amekwenda."

Nililia, na sikujua namlilia nani.

Alasiri mtu alibisha hodi. Mama ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Hakumtambua. Macho yake yalipozimika alitufahamu wote kwa sauti, hata watu wa mtaa wa pili, na siku hiyo hakumtambua mchumba wake wa kila Jumatano. Alikuwa hajawahi kumsikia akizungumza namna ile. Bwana mifugo aliingia, ameshika begi lake la kazi, akaliona tenga limefunikwa kanga. Alikaa chini bila kukaribishwa. Nilikuwa nangoja adai kanzu, adai sahani, nimpige na kitu. Hakudai.

"Nilikungoja jana mpaka saa nane," akasema. "Halafu nikaitwa kuchanja kuku vijijini. Leo nikasema nije mwenyewe." Akafungua begi akanionyesha kichupa na bomba la sindano. Alikuwa amekiomba kwa rafiki yake mwenye duka la dawa, kwa sababu ofisini hawana. Ni dawa ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda. Jumatano, alisema, ingeweza kumsaidia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Uliniambia kwa utani."

"Na wewe ulisema utamleta." Alinitazama usoni. "Nilijua suti ni utani. Kumleta nilidhani ni kweli."

Akanieleza, kwa sauti ile ngeni, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Ufizi wa paka mzima ni wa waridi na una unyevu. Ukiubonyeza unapauka, ukiuachia rangi inarudi kabla hujamaliza kusema bismillahi. Mstari mwekundu kwenye mizizi ya meno, na harufu, na kupinda kichwa akila, ni ugonjwa wa meno. Huo hauui leo wala kesho, lakini hauponi kwa nazi, angempa dawa na pengine kumng'oa jino moja au mawili. Weupe ni kitu kingine. Weupe ni damu imeondoka. Weupe, au manjano, au rangi ya buluu, hausubiri hata kesho. Na ufizi ukipoa na kukauka, mnyama yuko njiani kwenda.

Kila alichokisema, mama alikuwa amekwisha kukisema, kwa kidole. Kinanuka, korosho hainuki, kimepoa, kinanata. Mama alisikiliza, uso ameuelekeza alikokaa mgeni, akitikisa kichwa kidogo kila alipofika mahali anapopajua.

Kisha bwana mifugo akauliza, na hakukuwa na utani ndani yake hata punje, "Dada, uliweka sumu ya panya humu ndani?"

Ningeweza kusema hapana. Niliwaza kusema hapana. Naliandika hilo kwa kuwa nimeahidi nafsi yangu kutolificha. Mama alikuwa amegeuza uso wake kwangu sasa.

"Niliweka juu," nikasema. "Juu, asipofika."

"Panya wanafika," akasema bwana mifugo.

Bwana mifugo alichukua jembe langu uani, akachimba nyuma ya stoo, shimo la kina kizuri, na akamteremsha paka na kanga yake. Mtani ndiye mchimba kaburi, na hapo tu ndipo alipotimiza desturi. Akanawa mikono, akamwambia mama pole, akaniambia mimi pole, akaondoka. Nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu ya sauti ile aliyokuja nayo, yenye shikamoo na dada na pole. Kumbe alikuwa nayo. Jumatano alikuwa nayo kifuani, na aliiacha humo ili tucheke.

Bado anapita, ila si kila Jumatano. Ananiita dada, nami namwita bwana mifugo, tunaulizana habari za nyumbani na wote wawili tunajibu nzuri. Nilijaribu mara moja kumuuliza kama viatu amevipata. Alitabasamu kwa adabu. Utani nao una kifo chake, na hauna mtani wa kuuzika.

Sumu niliitoa, nikaichoma. Nilimwambia mama nitamtafutia paka mwingine, akasema hataki. Nilimwambia nitajitahidi kuzungumza naye Kingindo, nikajaribu siku mbili tatu, akanisahihisha kwa upole, kisha akaanza kunijibu kwa Kiswahili. Siku hizi anakaa barazani peke yake, mikono mapajani. Hajanilaumu. Hajaitaja sumu, wala panya, wala yale mate yaliyokuwa kidoleni mwake. Ningependa anilaumu.

Asubuhi nampelekea uji, kama siku zote. Namshikisha kikombe, anakizungushia vidole, anakileta karibu na uso. Hapo anasita.

"Umetia nini humu?"

"Sukari, mama. Na maziwa kidogo."

Anakinusa, anakigeuza. Kisha anakunywa.